Msumari wa Chandarua

Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita niliwaacha makaburini, udongo wa mume wangu bado mbichi, na askari wawili wanamtia kaka yangu pingu mbele ya waombolezaji. Wapo waliosema nimetia chumvi. Laiti ningekuwa nimetia. Chumvi ingekuwa na ladha nzuri kuliko niliyoyala.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mume wangu, dereva wa malori, alirudi safari akakuta mtoto wetu mchanga ameumwa na mbu uso mzima. Akachukua nyundo na msumari, akaingia chumba cha watoto kutundika chandarua. Msumari ukagonga waya ndani ya ukuta. Alikufa mbele yangu, pekupeku kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Na nyaya zote za nyumba ile, kuanzia kwenye mita hadi taa ya mlangoni, ziliwekwa na kaka yangu wa tumbo moja, toka nitoke.

Watu wanamwita Timazi, ile kamba yenye jiwe ambayo mafundi wanaining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Walimpa jina hilo kwa kumcheka. Wenzake wakichimba ukuta kwa mshazari ili wafupishe kazi, yeye anapima, anashusha wima, anapima tena, mpaka mwenye nyumba anachoka kumsubiri.

Siku tuliyohamia alitutembeza chumba kwa chumba kama mwalimu na watoto wa chekechea.

"Shemeji, nisikilize," alimwambia mume wangu. "Ukiona soketi au swichi, jua waya wake umekuja wima, au umekuja ubavuni usawa wake. Mshazari mimi sipiti. Kwa hiyo juu yake, chini yake na ubavuni mwake usipigilie kitu. Kwingine ukuta ni wako, piga hata misumari ya jeneza."

Tulicheka. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kesi yote iko hapa. Siku ya kufa kwake mume wangu hakusahau somo lile. Aliutazama ukuta kabla ya kupiga. Juu, chini, kushoto, kulia.

"Hapa hakuna soketi wala swichi," aliniambia. "Kaka yako hatapata la kunigombeza."

Kisha akapiga.

Ukuta ule ulikuwa mtupu, umepakwa rangi ukapendeza. Waya ulifuata nini pale? Watu walikuwa na jibu moja tu: safari hii Timazi alipita mkato. Na mama mkwe akalitangaza makaburini, sauti imemkauka kwa kilio: "Kaka mtu kaua, dada mtu kashika taa."

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mama yangu. Kuna siku nami nilimfikiria hivyo. Kaka yangu aliyenibeba mgongoni, nilikaa nikijiuliza kama siku ile alikuwa na haraka.

Baada ya mazishi mama mkwe alihamia kwangu. Alikuja na mwanawe mdogo, shemeji yangu, fundi wa plasta na rangi tunayemwita Brashi. Mama mkwe alikuja kulia, akaishia kutawala. Sufuria zangu zilihamishwa, cherehani yangu ikafunikwa shuka, na mtoto nikawa naletewa anyonye halafu nanyang'anywa.

"Maziwa ya huzuni yasikae sana mdomoni mwa mtoto," aliniambia.

"Mama, mtoto hajashiba."

"Na mimi nina njaa ya mwanangu. Nani ananishibisha?"

Ungemjibu nini? Nilifunga blauzi yangu nikaondoka.

Brashi alikuwa mtani wangu mkubwa. Zamani hakuwa anapita bila kunichokoza, "Shemeji, suruali yangu utaishona lini, au mpaka nioe?" Sasa alikuwa akinikuta mlangoni anageuza uso. Nilidhani ni msiba. Nilimhurumia.

Basi ikafika asubuhi ya ukaguzi.

Sajini alitangulia kuingia. Nyuma yake kaka, mikono imefungwa mbele, amekonda mpaka shati linamwogelea. Wa mwisho alikuwa mkaguzi wa umeme, mwanamke wa rika langu, buti miguuni na mikono ya shati imekunjwa. Nilimkaribisha kiti, hakutaka. Nikamletea maji, hakutaka.

"Chumba ni kipi?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Kaka alipopita karibu yangu aliniuliza chini chini, "Mtoto anaendeleaje?"

Mtu ana pingu, anauliza mtoto! Machozi yalinitoka palepale.

"Hakuna kuzungumza na mtuhumiwa," sajini akasema.

"Ameuliza hali ya mtoto tu, afande."

"Hata ya mtoto."

Umeme ulizimwa kwenye meni swichi. Mkaguzi akatoa kifaa kidogo, akatueleza kuwa kinalia kikikaribia waya au chuma kilichofichwa ukutani. Akakiweka kwenye tundu la msumari. Kikalia. Akakishusha kidogo. Kikalia tena. Mkono wake wa pili ulikuwa na chaki, kila kikilia anatia alama.

Kila alama mpya niliiogopa. Nilisubiri ziende kombo, zikate ukuta kama mkasi mbovu unavyokata kitambaa, ili nijue moja kwamba kaka yangu ndiye aliyenifanya mjane.

Hazikwenda kombo. Zilishuka kutoka kwenye tundu la msumari hadi karibu na sakafu, zimenyooka, moja chini ya nyingine.

Mkaguzi akarudi nyuma akazitazama.

"Waya huu haukupita mkato," akasema.

"Sijawahi kupita mkato," kaka akasema.

"Wewe hujaulizwa," sajini akamkata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wangu begani, Brashi nyuma yake. "Wima au kombo," akasema, "mwanangu yuko chini ya udongo."

"Pole, mama," mkaguzi akamwambia. "Lakini nisubiri kidogo. Waya haushuki ukakoma kwenye ukuta mtupu. Unashuka unakwenda mahali. Huu ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenye soketi," kaka akasema. Safari hii sajini alimwacha. "Niliweka soketi pale chini kwa mkono wangu. Na kutoka pale waya ukatoboa kwenda kulisha soketi ya sebuleni, nyuma ya ukuta."

"Soketi yenyewe iko wapi?"

Kaka aliutazama ukuta kana kwamba umemtukana. "Ndiyo nami nauliza."

Wote wakanigeukia mimi. Mwenye nyumba si ndiye mimi? Nikatafuta kichwani, nikapekua, nikakuta kabati. Kabati la nguo za watoto lilisimama kwenye ukuta ule tangu siku tulipohamia. Lilikuwa zito, na nyuma yake sijawahi kuchungulia. Niliporudi kutoka hospitali kujifungua ndipo nilipolikuta limesogezwa upande wa pili, kitanda kidogo kimewekwa mahali pake, na ukuta umepakwa rangi mpya.

Nilidhani ni zawadi ya mtoto. Nilishukuru mpaka nikalia.

Kabla sijafungua kinywa, mkaguzi alikuwa ameshachukua nyundo na tindo. Aligonga taratibu pale alama ya mwisho ilipokuwa. Plasta ikamomonyoka, ikaonekana iko ya aina mbili. Ya kaka yangu ilikuwa ngumu, ya kijivu. Iliyokuwa katikati ilikuwa laini na nyeupe, ya kuziba kiraka. Ndani yake likatokea boksi la soketi, halina soketi. Nyaya zimesokotwa pamoja, zimezungushiwa tepu, zimeshindiliwa humo na kuzikwa.

"Aliyefanya hivi hakukata umeme," mkaguzi akasema. "Angeukata, sebule nayo ingezima, na watu wangeuliza. Akaunganisha, akafukia. Soketi ikitoka machoni pa watu, nani atajua tena kwamba juu yake kuna waya?"

Akapuliza vumbi ndani ya boksi.

"Na plasta mbichi ina maji," akaendelea. "Lazima umeme ulivuja humu. Kile kifaa cha kukata umeme ukivuja hakikuwekwa?"

"Ndicho nilichofunga kwanza kabla ya kitu chochote," kaka akasema.

Tukaenda wote kwenye boksi kubwa la meni. Mkaguzi akafungua kifuniko, akainama, akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi. Kifaa kilikuwepo. Lakini kipande cha waya kilikuwa kimeunganishwa upande huu na upande ule, ili umeme upite bila kugusa kifaa.

"Kimerukwa," akasema. "Kilikuwa kinaanguka na kukata umeme kila mara, mtu akachoka nacho. Kingekuwa kinafanya kazi, huyu baba angepata mshtuko, angetukana, angekunywa maji, angekuwa hai."

Angetukana. Namjua mume wangu, angetukana kweli, tena mpaka majirani wasikie.

Na hapohapo nikakumbuka. Nilipotoka hospitali, umeme wa nyumba ile haukutulia. Nikikaa kwenye cherehani kushona nepi, ghafla kimya, sindano imekwama katikati ya kitambaa. Tukiuwasha, unadumu kidogo, unakatika. Nikasema nitampigia Timazi aje aangalie.

"Usimsumbue kaka yako, shemeji," Brashi aliniambia. "Niachie mimi."

Haukukatika tena. Nilimpakulia nyama nyingi kuliko watu wote siku ile.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Nani alifukia ile soketi?" sajini akauliza.

"Afande," mama mkwe akadakia haraka, "huyu binti anasikia kizunguzungu. Niruhusu nimpeleke jikoni anywe maji."

Sikuwa na kizunguzungu. Lakini alikuwa ameshanikamata mkono, na mkono wake haukuwa wa bibi mwenye msiba. Akamlaza mtoto kwenye kochi akaniburuta.

Jikoni alifunga mlango. Nilidhani atanipiga. Badala yake alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye gunia la mkaa, kitambaa kikamtoka kichwani. Sikuwahi kuziona mvi zake zote.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, mama?"

"Ulipokuwa hospitali uliniachia mtoto mkubwa. Tukasogeza kabati ili kitanda kipate nafasi. Niligeuka kukunja nguo tu, mwanangu, nguo tu. Akaokota kibanio changu cha nywele akakiingiza kwenye tundu la hiyo soketi. Kilimtupa. Hakulia. Laiti angelia mara moja! Nilimpepea, nikamwita, nikamkamua mkono, ndipo akalia."

Mwanangu alirushwa na umeme, na mimi mama yake sikuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimeachiwa mjukuu mara ya kwanza nikataka kumuua? Nikamwita Brashi. Nikamwambia ziba hilo tundu leo hii. Akasema, mama, kazi hii si yangu, tumwite Timazi. Nikamwambia, nimwite kaka mtu, aende akamweleze dada mtu kwamba mama mkwe wake hajui kulea? Ziba! Akaziba. Mimi ndiye niliyemwambia."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Fundi aliyejua kuiondoa soketi ile kama inavyotakiwa alikuwa anakaa mtaa wa pili, na hakuitwa kwa sababu ni kaka yangu. Aibu ya kikwe. Mume wangu alikufa kwa aibu ya kikwe!

"Na kaka yangu ukamwacha achukuliwe," nilisema. "Ukanitukana makaburini mbele ya watu. Na ulijua."

"Nilijua."

"Mama, una moyo wa namna gani?"

"Wa mtu aliyezika," akasema. "Nilizaa wawili. Mmoja nimemfukia. Wakimchukua huyu, mimi nimebaki na nani? Niambie wewe, nimebaki na nani?"

Akanishika miguu. Mama mkwe wangu, ambaye hata chai yangu alikuwa akiinywa kama dawa, alinishika miguu.

"Sema alifukia marehemu mwenyewe," akaninong'oneza. "Nyumba yake, ukuta wake, mtoto wake. Marehemu hafungwi. Kaka yako atatoka leo leo. Brashi atabaki. Watoto wako watakuwa na baba mdogo. Wewe sema, nami nitakushika mkono, nitasema nilimwona."

"Nimsingizie mume wangu kitu kilichomuua?"

"Hasikii, mwanangu. Hawezi kukasirika."

Ndugu zangu, hapa ndipo naungama. Ukweli ulikuwa mdomoni, umeshatafunwa, bado kutemwa tu. Nilichotakiwa ni kufungua mlango na kusema jina moja. Lakini nilimwona yule mama pale chini, nikasikia mwanangu analia sebuleni, nikafikiria siku zingine za kubishana, Brashi anakataa, na kaka anarudishwa ndani kusubiri. Nilimtaka kaka atoke siku ileile. Nilimtaka sana. Nikaona njia hii ni fupi.

Ndiyo. Mdogo wake Timazi akapita mkato.

Tulirudi chumbani tumeshikana mikono kama shoga wa harusini. Mkaguzi hakuwepo, alikuwa anamalizia ile meni kabla ya kuleta kamera apige picha za ushahidi. Sajini alikuwa anakuna kidevu.

"Afande, nimekumbuka," nikasema. "Ni mume wangu."

"Mume wako nini?"

"Ndiye aliyeifukia soketi. Mtoto mkubwa aliichezea, ikamrusha. Mume wangu akaamua kuiziba."

Kaka alishtuka kama amechomwa. "Mdogo wangu, unasema nini? Shemeji asingegusa waya bila kuniita. Hata balbu alikuwa ananiita!"

"Nyamaza," sajini akamwambia. Kisha akanitazama mimi, taratibu, namna ambayo sikuipenda. "Amefukia waya kwa mkono wake, halafu akaenda kuupigilia msumari juu?"

"Alisahau."

"Alisahau?"

"Alikuwa mtu wa mawazo mengi."

Mume wangu hakuwa mtu wa mawazo mengi. Alikuwa mtu wa kukumbuka hata siku niliyonunua kijiko.

"Alifukia lini?"

Hakuna aliyeniandalia swali lile. Jikoni hatukulizungumza. Na mtu asiyezoea uongo, akibanwa, anashika ukweli ulio karibu.

"Nilipokuwa hospitali," nikasema. "Kujifungua."

Neno lilipotoka tu nikajua. Nilitaka kulirudisha kwa mikono. Sajini akamgeukia mama mkwe.

"Mama, ni kweli haya? Ulimwona?"

Nilimtazama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Nikaubana kidogo, kumkumbusha.

Akautoa.

"Afande," akasema, akajifunga kitambaa chake vizuri, "mwanangu wakati huo alikuwa safarini na lori. Waulize matajiri wake, waulize utingo wake. Mtoto huyu amezaliwa baba yake hayupo, alimwona ameshaanza kucheka. Ataziba ukuta vipi akiwa barabarani?"

Akajifuta macho kwa pindo la kitambaa.

"Sikutaka kusema," akaendelea, na machozi yalikuwa yanamshuka kweli, si ya uongo. "Ni mke wa mwanangu. Lakini amlimbikizie marehemu dhambi ili amtoe kaka yake? Mimi siwezi kulinyamazia hilo."

Mpaka leo sijui kama aliyapanga yale tangu jikoni, au aliogopa tu aliponiona nimeteleza, akaamua asizame na mimi. Nimelifikiria sana. Siku nyingine namchukia, siku nyingine namwona pale sakafuni.

Lakini siku ile sikufikiria. Nilipiga kelele.

"Ni Brashi! Afande, ni Brashi! Mama mwenyewe amekiri jikoni sasa hivi, amenishika miguu!"

"Sasa ni Brashi," sajini akasema. "Hivi punde alikuwa marehemu. Nikikaa kidogo si itakuwa mimi?"

"Mwulizeni! Mtazameni uso! Hiyo rangi alipaka yeye!"

"Rangi nilipaka," Brashi akasema, akitazama chini. "Kupaka rangi ndiyo kazi yangu."

"Afande," kaka akasema, "mdogo wangu amefiwa. Hajui anachosema. Mimi mkinifunga nifungeni, yeye mwacheni, ananyonyesha."

"Anajua sana anachosema. Amejua kudanganya, amejua na kubadilisha. Uongo mbele ya askari, kwenye kifo cha mtu." Sajini akatoa ufunguo. "Na nani ajuaye, pengine wote wawili mliyajua haya tangu mwanzo."

Akamsogelea kaka, akafungua pingu mkono mmoja. Kwa jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, nilidhani anamwachia. Nilitaka hata kusema asante.

Akaivuta pingu ile, akaifunga kwenye mkono wangu.

Chuma kilikuwa na joto la mkono wa kaka. Alinitazama. Mtoto alikuwa analia kwenye kochi, na blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa mbele ya wanaume wote.

"Mtoto wangu!" nikasema. "Niacheni nimnyonyeshe kwanza."

"Mtoto ana bibi," mama mkwe akasema, akaenda sebuleni, akarudi amembeba.

Tulikuwa tumefika mlangoni wakati Brashi alipoinua uso, mara ya kwanza tangu mazishi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Afande," akaita.

Sajini akasimama. Sote tukasimama. Sema, nilimwomba kimoyomoyo. Sema, shemeji yangu, nitakushonea suruali za dunia nzima.

Mama mkwe hakumkaripia. Alimsogelea tu, akamwekea mtoto wangu kifuani, akauzungusha mkono wa Brashi kumzunguka.

"Mshike mtoto wa kaka yako," akamwambia. "Wewe ndiye baba yake sasa."

Brashi akamshika. Mtoto akatulia, akamkamata kola.

"Ulikuwa unasemaje?" sajini akamwuliza.

Brashi akamtazama mtoto. Akanitazama mimi, kisha pingu.

"Nilikuwa nauliza tu, afande," akasema. "Hilo shimo ukutani. Watoto wanalala humu. Naruhusiwa kuliziba?"

Nje, kupitia dirishani, nilimwona mkaguzi amejipinda ndani ya gari lake, anatafuta kamera. Alikuwa bado hajapiga hata picha moja.

"Ziba," sajini akasema, akanivuta.